Gari ya umeme iliyokwisha tumika: kwa nini bei inashuka mbio?

Mtu anayetafuta gari iliyokwisha tumika anaweza kukuta jambo la kushangaza: gari ya umeme inauzwa makuta kidogo kuliko ya esanse ya mwaka ule ule, hata kama zikiwa mpya ile ya umeme ndiyo ilikuwa ghali. Ni bahati ao ni mtego?

Bei inashuka juu ya mambo mawili. Kwanza, gari mpya zinakuja na batri kubwa zaidi, na kampuni zinapunguza bei. Tesla ilishusha bei zake Januari 2023, na zile zilizokwisha tumika nazo zikashuka. Januari 2024, Hertz, kampuni ya Marekani inayopangisha magari, ilitangaza kwamba inauza gari zake za umeme karibu 20 000. Ilisema kuzitengeneza kisha ajali kulikuwa ghali. Pili, wanunuzi wanaogopa batri, sababu kuibadilisha kunaweza kupita bei ya gari yenyewe.

Lakini bei kushuka si kusema gari inaharibika mbio. Mota ya umeme haina buji wala mafuta ya kumwaga kila mara. Freni zinadumu, juu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo. Ya esanse inasumbua mara kwa mara, lakini kila fundi wa mtaa anaijua. Ya umeme ikilala, nani ataigusa?

Tuchukue Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwisho wa 2010. Ile ya kwanza, ikiwa mpya, ilitembea karibu kilometa 117 kwa chaji moja, kufuatana na vipimo vya Marekani. Batri yake haipozwi na maji, kwa hiyo joto linaichosha. Kwenye dashibodi kuko vijiti 12 vya afya ya batri. Vikibaki 8, karibu theluthi moja ya nguvu imeenda, na safari inabaki chini ya kilometa 80. Muuzaji akikuonyesha chaji imejaa, usidanganyike: batri iliyochoka nayo inajaa.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa makuta, hesabu vijiti na uombe fundi apime batri kwa mashine. Kumbuka milima: kupanda kunakula chaji, kushuka kunarudisha sehemu tu. Tena uliza nyumbani: umeme unakaa saa ngapi? Kwenye priza ya kawaida, kuchaji kunaomba usiku muzima. Anayezunguka mjini na kuwa na umeme wa hakika anaweza kupata faida. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kila juma, esanse ingali inamfaa.