Majuma Kabla ya Kisu: Namna ya Kuutayarisha Mwili wa Mgonjwa wa Saratani

Mtu anapoelezwa na daktari kwamba ana saratani na kwamba hana budi kupasuliwa, aghalabu huanza kwake kipindi cha kungoja. Hungoja majibu ya vipimo, hungoja damu, hungoja nafasi katika chumba cha upasuaji. Kipindi hicho huweza kuwa cha majuma mawili, manne au zaidi. Jamaa zake, kwa huruma, humtandikia kitanda na kumsihi apumzike. Jembe hunyang'anywa, ndoo ya maji hunyang'anywa, na hata kwenda dukani huonekana kuwa ni kumtesa. Naye, kwa hofu na huzuni, hupoteza hamu ya chakula. Basi siku ya kupasuliwa inapowadia, mgonjwa hufika akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa siku ile alipopewa habari. Utafiti umeonyesha kwamba si lazima mambo yaende hivyo. Majuma ya kungoja yanaweza kuwa sehemu ya matibabu yenyewe.

Kisu huudai mwili nini?

Upasuaji mkubwa ni jeraha, ingawa ni jeraha lililofanywa kwa ustadi na kwa nia njema. Mwili hauwezi kupambanua kati ya kisu cha daktari na ajali ya barabarani; katika hali zote mbili hujihami kwa njia ile ile. Katika miaka ya 1930, mtaalamu David Cuthbertson wa Glasgow, Uskochi, alipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa, akaona kwamba walikuwa wakipoteza naitrojeni kwa wingi. Naitrojeni hiyo ilikuwa alama ya protini iliyovunjwa, na sehemu kubwa ya protini hiyo ilitoka katika misuli. Mwili uliojeruhiwa ulikuwa ukijila wenyewe.

Sababu yake ni hii. Kidonda kinahitaji malighafi za kujengea nyama mpya, na askari wa mwili wanaopigana na vijidudu wanahitaji malighafi hizo hizo. Chakula kinacholiwa siku za mwanzo baada ya kupasuliwa ni kidogo, kwa hiyo mwili hufungua ghala lake, nalo ni misuli. Wakati huo huo moyo na mapafu hutakiwa kusafirisha oksijeni nyingi kuliko siku za kawaida. Misuli ya kifua nayo hutakiwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu, ili makohozi yasituame na kuleta homa ya mapafu. Mwenye ghala lililojaa hulipa deni hilo, akabakiwa na akiba. Mwenye ghala tupu hulipa kwa kukopa, na mkopo huo huonekana katika kidonda kisichopona, katika homa, na katika miguu isiyoweza kumbeba mwenyewe.

Uzito uliopotea na gharama yake

Hayo yalithibitika zamani. Mwaka 1936 daktari mpasuaji Hiram Studley, wa Cleveland huko Marekani, alichunguza habari za wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wao kabla ya kupasuliwa, theluthi moja walifariki. Miongoni mwa waliopoteza chini ya hapo, waliofariki hawakufika 4 katika kila 100. Wagonjwa wale hawakuwa na saratani, lakini funzo lake linawahusu zaidi wenye saratani, kwa kuwa ugonjwa huo wenyewe hupunguza hamu ya kula na huharakisha kuyeyuka kwa misuli.

Kwa nchi za Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni, huonekana kwa wingi katika ukanda unaopita Kenya, Tanzania na Malawi. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na ugali, halafu hukwamwa na wali, mwishowe hata uji hupita kwa shida. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamekwisha konda sana, na hapo swali la kwanza huwa kama mwili wao unaweza kukihimili kisu.

Madhara ya kitanda

Ikiwa chakula kidogo humwaga ghala, kulala kutwa humwaga vile vile. Mwaka 1966 wataalamu wa Dallas, Marekani, waliwachukua vijana watano wenye afya, wakawalaza kitandani kwa muda wa majuma matatu. Walipowapima tena, uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Vijana hao walipimwa tena baada ya miaka 30, ikaonekana kwamba miaka hiyo yote ya uzee haikuwapunguzia uwezo huo kama walivyopunguziwa na majuma yale matatu ya kitandani. Ikiwa kijana mzima hudhoofika hivyo, yafaa kufikiri juu ya mzee wa miaka 70 mwenye saratani ambaye jamaa zake wanamkataza asiinuke.

Majaribio yaliyofanywa

Kwa muda mrefu mazoezi ya viungo yalianza baada ya upasuaji. Katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, daktari wa dawa za usingizi Franco Carli na wenzake waliuliza kwa nini mazoezi hayo yasitangulie. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2014, wagonjwa 77 wa saratani ya utumbo mpana waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi nyumbani, lilikula protini zaidi na kufundishwa kuituliza hofu, kwa muda wa karibu majuma manne kabla ya kupasuliwa. Kundi la pili lilipewa mpango ule ule, lakini lilianza baada ya kupasuliwa. Kipimo kilikuwa chepesi: mgonjwa anaweza kutembea umbali gani kwa dakika 6. Majuma manane baada ya upasuaji, wagonjwa 84 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamerudia uwezo wao wa awali wa kutembea au kuupita. Katika kundi la pili walikuwa 62 katika kila 100. Hata hivyo, matatizo ya hospitalini na siku za kulazwa hazikutofautiana.

Jaribio kubwa zaidi, lililoongozwa kutoka Uholanzi na kutangazwa mwaka 2023, lilikuwa na wagonjwa 251 wa saratani hiyo hiyo katika nchi kadhaa. Mazoezi yalikuwa makali zaidi, yakasimamiwa na wataalamu mara tatu kwa juma kwa muda wa majuma manne, pamoja na chakula bora, msaada wa kutuliza moyo na kuacha tumbaku. Waliopata matatizo makubwa baada ya kupasuliwa walikuwa karibu 17 katika kila 100 miongoni mwa waliotayarishwa, na karibu 30 katika kila 100 miongoni mwa wasiotayarishwa.

Haki inadai kutaja na matokeo yaliyo kinyume. Mwaka 2020 kundi la Montreal lilitangaza jaribio la wagonjwa 110 waliokuwa dhaifu sana tangu mwanzo. Kwao, kutayarishwa kabla hakukupunguza matatizo ya siku 30 za kwanza yakilinganishwa na mazoezi ya baadaye. Basi matayarisho si uganga. Hufaa kwa kadiri mwili unavyoweza kuyaitikia, na hufaa zaidi yakianza mapema.

Mazoezi yasiyohitaji mashine

Kwa mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari, dawa ya kwanza ni kutembea. Atembee kila siku, akianza na dakika chache na kuongeza hadi kufikia nusu saa, kwa mwendo unaomfanya ahemewe kidogo. Kipimo chake ni sauti: awe anaweza kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Baada ya hapo ni misuli. Kuinuka kitini na kuketi tena bila kujisaidia kwa mikono, mara kumi, kisha kupumzika na kurudia, huimarisha mapaja, ambayo ndiyo yatakayomwinua kitandani baada ya kisu. Chupa mbili zilizojaa maji hutosha kuimarisha mikono. Mwisho ni pumzi: kuivuta taratibu hadi kifua kijae, kuizuia kidogo na kuitoa polepole, na pia kujifunza kukohoa vizuri kabla ya siku ambayo kukohoa kutauma.

Chakula cha kujaza ghala

Wataalamu wa lishe hushauri kwamba mgonjwa wa namna hii apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji basi gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, na kikombe cha maziwa kina kama gramu 8. Maharage, kunde, karanga, samaki na nyama hukamilisha hesabu, na dagaa wakavu ni hazina ya bei nafuu. Wali, ugali, ndizi na mafuta visiachwe, kwani mwili ukikosa nguvu huchoma protini kama kuni. Asiyeweza kula sahani kubwa ale kidogo mara sita kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyeweza kumeza vigumu atengenezewe mtori mwepesi, au uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa. Aliyekonda kupita kiasi huenda akahitaji kulishwa kwa mpira, na mara nyingine madaktari huona ni heri kuahirisha upasuaji kwa siku 7 hadi 14 ili mwili ulishwe kwanza.

Wako watu wanaoamini kwamba mgonjwa akila vizuri huulisha uvimbe, na kwa hiyo humnyima nyama, maziwa na mayai. Imani hiyo imewadhuru wengi. Hakuna ushahidi kwamba kumlisha mgonjwa vema huharakisha saratani yake. Anapofunga, uvimbe huendelea kujichukulia sehemu yake, na mwenye kupungukiwa ni yeye.

Zaidi ya hayo, tumbaku iachwe mara moja, na ikiwezekana majuma manne au zaidi kabla ya kisu, kwa maana moshi hudhoofisha mapafu na kuchelewesha kupona kwa kidonda. Pombe nayo iachwe, ila mnywaji wa kila siku amweleze daktari kwanza, kwa kuwa kuacha ghafla huweza kumletea madhara. Upungufu wa damu, kisukari na shinikizo la damu vitafutwe na kutibiwa mapema, visigunduliwe asubuhi ya upasuaji.

Tahadhari

Si kila mgonjwa anafaa kufanya mazoezi yale yale. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kutokwa damu, au ambaye saratani imeingia mifupani, asianze lolote kabla ya kuonana na daktari. Mwenye ugonjwa wa figo aulizie kiasi cha protini kinachomfaa. Wala matayarisho yasiwe kisingizio cha kuchelewesha upasuaji ambao wakati wake umefika.

Lakini kwa wagonjwa walio wengi, swali la kumuuliza daktari siku ya kupangiwa upasuaji ni moja zaidi ya tarehe: nifanye nini mpaka siku hiyo? Na jamaa wanaompenda mgonjwa wao wanaweza kulijibu kwa vitendo, kwa kumshika mkono na kutembea naye asubuhi, na kwa kumwekea yai katika sahani yake. Hofu nayo hupungua kwa mtu aliye na kazi ya kufanya. Daktari mpasuaji ataleta ustadi wake. Mwili utakaomlaki unaweza kuanza kujengwa leo, nyumbani.