Gari jipya la 4x4: tununue kwanza kinachoshika mtu



Safari hii hatuzungumzi juu ya kofia wala viatu vya kazi. Tunazungumza juu ya karatasi. Mtu akitaka kuagiza gari jipya la 4x4, mwuzaji humpa karatasi ndefu yenye majina ya vitu vya kuongeza: winchi, galeri ya juu, chuma cha mbele kinachoitwa parebufle, snokeli, tangi la pili, taa za ukungu, hewa baridi, redio, mipira ya matope na vingine vingi. Kila kitu kina bei yake, na bei ile inapanda juu ya bei ya gari. Unaweka alama mbele ya kile unachotaka. Feza ikiisha, kalamu inasimama.

Mtauliza: jambo hili linamhusu mganga wa dispansere namna gani? Mtu akivunjika barabarani, hawamwiti mwuzaji wa gari. Wanatuletea sisi. Na jambo hili si la kampuni peke yake. Wafanyabiashara wa Butembo wanaagiza magari yao kutoka Dubai na Japani, na kuna familia zinazokusanya feza miaka mingi ili kununua moja. Wote wanakutana na karatasi ile ile. Ndani yake kuna vitu vinavyolinda gari, kuna vinavyolinda mtu, na kuna vile vya kupendeza macho tu, gari likisimama mbele ya duka pale Kimemi.

VOLANI KABLA YA YOTE

Kabla ya nyongeza, tazama upande wa volani. Magari mengi yanatufikia kwa njia ya Mombasa na Kampala, yanaingia Kasindi. Huko Kenya na Uganda watu wanashika kushoto mwa barabara, kwa hiyo volani iko kuume. Sisi Kongo tunashika kuume. Shoferi mwenye volani ya kuume akiwa nyuma ya kamio haoni kitu kinachokuja mbele, mpaka atoe karibu gari lote katikati ya barabara. Mwenzake wa pembeni ndiye anayeona, naye hana freni! Gari jipya linaweza kuagizwa na volani ya kushoto. Tuandike hivyo wazi katika agizo, tusidhani ya kwamba mwuzaji atajua.

BENCHI ZINAZOTAZAMANA

Barabara zetu mnazijua. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 tu, lakini mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kuelekea kusini, ukivuka ikweta kwenda Lubero, ni milima, kona na mabonde. Njia ya Manguredjipa ni matope na msitu. Ndiyo maana watu wanataka 4x4, na wana haki. Lakini nguvu ya magurudumu 4 inasaidia gari kuondoka matopeni. Haisaidii gari kusimama. Kwa kusimama, hata taksi ndogo inatumia magurudumu 4.

Sasa fungua mlango wa nyuma. Toyota Land Cruiser za familia ya 70, ambayo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1984, ndizo zinazopendwa zaidi katika migodi na mashirika, kwa sababu ni ngumu na fundi yeyote anazijua. Ile ya mwili mrefu mara nyingi inakuja na benchi 2 nyuma zinazotazamana. Watu 3 mbele, 10 nyuma, jumla 13. Kwenye karatasi inapendeza sana.

Lakini mtu aliyeketi kwa ubavu hana kitu cha kumzuia. Shoferi akishika freni kwa nguvu, wote wanatelezea upande wa mbele na kurundikana juu ya yule aliye karibu na kabini. Shingo inapindwa kwa ubavu, na mbavu zinapokea uzito wa watu 4. Mkanda wa kiuno peke yake, kwa mtu aliyeketi hivyo, haushiki kifua wala shingo. Na mara nyingi hata huo haupo.

Tufanye hesabu kidogo. Gari likienda kilometa 50 kwa saa na kusimama ghafla kwa kugonga mti, mwili usioshikwa unagonga chuma kwa nguvu sawa na mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10 karibu. Kwa kilometa 80, ni sawa na mita 25. Hakuna mama anayekubali mtoto wake aketi juu ya paa la urefu ule bila kushikwa. Lakini kwenye benchi tunamweka, tena juu ya mapaja, tukidhani mikono ya mama inatosha. Haitoshi, hata mama awe na nguvu namna gani.

Mkanda wa pointi 3, ule unaopita begani na kiunoni, ulitengenezwa mwaka 1959 na injinia Nils Bohlin wa kiwanda cha Volvo, huko Swedi, na kiwanda kile kikawaachia wengine wote wautumie. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema ya kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa karibu nusu kwa watu wa mbele, na robo kwa watu wa nyuma. Sijui dawa nyingi katika kabati langu zinazofanya kazi namna hiyo kwa bei ndogo hivi.

Kwa hiyo alama ya kwanza iende hapa: viti vya nyuma vinavyotazama mbele, kila kimoja na mkanda wa pointi 3 na mahali pa kuegemeza kichwa. Ndiyo, watu watapungua. Ninajua neno litakalotoka garaji: «Na wengine watapanda nini?» Watapanda safari ya pili. Mazuti ya safari ya pili yana bei, sikatai. Lakini tulete pia hesabu ya mfupa wa paja: unachukua miezi 3 au zaidi kushikana, na wakati ule wote mama anabaki na kazi mbili, na shule inangojea feza. Gari lenye nafasi 13 na mikanda 3 ni gari la watu 3.

Neno moja kwa akina mama wenye mimba, kwa sababu wengi wanauliza. Fungeni mkanda, msiogope. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mapaja. Sehemu ya juu ipite kati ya maziwa. Usipite kamwe juu ya tumbo lenyewe.

MIZIGO NDANI NA MIZIGO JUU

Kriki, betri, chupa ya gazi, gunia la maharagi: vitu hivi vikiwa nyuma bila kufungwa, gari likigonga vinaendelea na safari. Kriki ya kilo 10 inampata mtu kisogoni kwa mwendo ule ule gari lililokuwa nao. Kuna nyongeza inayoitwa wavu wa mizigo, ni ukuta wa chuma chenye matundu kati ya watu na mizigo. Pamoja nao agiza pete za kufungia zilizoshikwa sakafuni. Vitu hivi havionekani nje, basi hakuna anayevisifu.

Galeri ya juu inasifiwa, kwa sababu inabeba. Mimi siipendi sana. Kila kilo unayoipandisha juu inalisaidia gari kulala kwa ubavu katika kona. Bido 4 za mazuti za lita 20 ni karibu kilo 70 juu ya kichwa chako, na tena ni moto ukisubiri. Kama njia ni ndefu na mazuti ni haba, afadhali tangi la pili. Baadhi ya Land Cruiser za mwili mrefu zinaweza kuagizwa na tangi 2 za lita 90. Uzito unabaki chini, na hakuna anayenyonya mazuti kwa mdomo na mpira. (Hilo nalo linatuletea wagonjwa: mazuti yakiingia mapafuni ni hatari sana. Msimtapishe mtu aliyeyameza, mleteni mara moja.)

PAREBUFLE, SNOKELI NA WINCHI

Parebufle inaitwa hivyo kama vile tuna nyati kila kona. Kwetu kinachovuka barabara ni mbuzi, watoto wa shule, mtu wa pikipiki na kijana wa chukudu mwenye mzigo. Kapo ya gari inajikunja kidogo ikimgonga mtu. Chuma kile hakijikunji. Na kinapata mtoto kwenye kifua au kichwa. Umoja wa Ulaya uliweka sheria juu ya vyuma hivi mwaka 2005 ili kuwalinda wanaotembea kwa miguu. Kwa gari linalopita katika vijiji na masoko, mimi ningeacha nafasi ile bila alama.

Snokeli, lile bomba linalopanda kando ya kioo, linapandisha mdomo wa injini ili isivute maji, na linasaidia pia katika vumbi. Ni kitu kizuri. Lakini halimfundishi shoferi kuogelea. Kiwanda chenyewe kinasema Land Cruiser 70 inaweza kupita maji ya kina cha sentimeta 70, nacho kinasema juu ya maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia, hata yakifika magotini tu, yanaweza kulisukuma gari. Mto ukijaa, watu washuke na kungojea.

Winchi ni ya kazi, hasa njia ya Manguredjipa. Ukiiagiza, agiza pamoja nayo glavu za ngozi, ukanda mpana wa kufunga kwenye mti na blanketi nzito ya kuweka juu ya kamba ya chuma inapovuta. Kamba ikikatika inarudi kama fimbo na inaweza kukata mguu. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba iliyotolewa. Watoto wanaokuja kutazama, ambao hawakosi, wafukuzwe bila huruma.

FRENI NA MIFUKO YA HEWA

Freni za ABS na mifuko ya hewa, kama bado ni nyongeza katika karatasi, ziwekewe alama. Shoferi wengine wanasema ABS haifai katika changarawe. Ni kweli inaweza kurefusha kidogo nafasi ya kusimama, lakini gari linaendelea kusikia volani, na hilo ndilo linalokuepusha na mtu aliye mbele. Tusidhani pia ya kwamba mnunuzi hana nguvu. Mwaka 2016, kwa soko la Australia, Toyota ilifikisha mifuko ya hewa 5 katika Land Cruiser 79 ya kabini moja, na gari lile likapewa nyota 5 za usalama. Wanunuzi wakubwa, migodi ikiwa kati yao, walikuwa wanadai nyota zile.

SAKAFU INAYOOSHWA

Gari la kampuni siku moja linabeba mafundi, siku nyingine linabeba mgonjwa. Mnakumbuka Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, katika Beni, Butembo na sehemu za Ituri. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wakati ule tulijifunza thamani ya gari ambalo ndani yake unaweza kumwaga dawa ya klori ya 0.5% na kusugua. Zulia haliwezi. Agiza sakafu ya mpira na viti vya ngozi ya bandia. Kwa gari moja kati ya yale yatakayokuja, tunaomba pia ukuta kati ya shoferi na nyuma, na vyuma vya kushikia machela, ili mgonjwa asilazwe sakafuni kati ya miguu ya watu. Sanduku la dawa za kwanza na kizimamoto cha unga vishikwe mahali ambapo shoferi anavifikia bila kushuka.

Hewa baridi wengi wanaiita anasa, kwa sababu Butembo ni juu ya mita 1,700 na baridi tunayo ya bure. Lakini shukeni mpaka uwanda wa Semliki saa 8 mchana katika vumbi. Vioo vikifungwa, mapafu yanapumzika. Iwekwe baada ya viti na mikanda, ikiwa feza inabaki.

SIKU GARI LINAPOFIKA

Usitie sahihi kabla ya kushika kila kitu kwa mkono, karatasi ya agizo ikiwa wazi mbele yako. Vuta kila mkanda kwa nguvu na ghafla: lazima ujifunge. Hesabu mipira ya akiba. Tazama kriki na ufunguo wa magurudumu kama viko, maana ndivyo vinavyopotea njiani. Kisha, baada ya kilometa 100 za kwanza katika barabara zetu, kaza tena nati za magurudumu.

Maoni ya dispansere tumekwisha kuyapeleka garaji. Karatasi inabaki ofisini kwa shefu wa garaji mpaka Ijumaa. Shoferi, na hasa ninyi mnaoketi nyuma, piteni mseme neno lenu kabla haijaondoka.