Idd Kubwa, Mapumziko Mafupi

Kalenda ya serikali yetu huipa Idd el-Fitri siku mbili za mapumziko, na Idd el-Hajj siku moja. Sharia imezipanga kinyume chake. Idd el-Fitri ni Shawwal mosi peke yake. Kesho yake mtu aweza kuanza funga za Sitta. Idd el-Hajj huanza Dhulhija 10, na siku tatu zifuatazo, za Tashriq, ni za kula, kunywa na kumtaja Allah (SW). Kuzifunga ni haramu, na takbira huendelea baada ya kila swala hadi alasiri ya tarehe 13.

Kwetu Makorora, jijini Tanga, tofauti hii huonekana uani. Baba anayefanya kazi bandarini hutoka kwenye swala, akachinja, akagawa nyama, na kabla hajafika kwa wazee Muheza au Pangani jua limekuchwa. Mwaka 2024 sikukuu iliangukia Jumatatu, 17 Juni. Jumanne ikawa siku ya kazi, nyama ingali jikoni. Ikiangukia Jumapili, hata hiyo moja humezwa na mwisho wa wiki. Ndugu zetu wanaofuata mwandamo wa Makka wana shida zaidi, kwani Idd yao mara nyingi hutangulia siku ya mapumziko.

Sikukuu za serikali si wahyi. Wadachi walioitawala Tanga hadi 1916 waliadhimisha 27 Januari, siku aliyozaliwa Kaizari wao Wilhelm II. Leo nani mjini anaikumbuka? Hivyo hatuoni ubaya kupendekeza kwamba siku ya pili ya Fitri ihamishiwe Hajj. Idadi ya siku za kazi itabaki ileile. Pingamizi tunalolihofu litatoka kwa akina mama: baada ya mwezi mzima wa futari na daku, siku ile ya pili ndiyo wanayokaa kitako.

Wakati hilo likisubiri, familia zisiibane sikukuu ndani ya siku moja. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, udhiya huchinjwa hadi jua la tarehe 13 lizame. Mwenye mbuzi mmoja na kazi ya zamu aweza kumchinja tarehe 11 au 12, baada ya alasiri. Wazee watembelewe siku ya tatu. Nguo mpya za watoto zivaliwe tena siku ya nne, nao waambiwe kuwa takbira wanayoisikia msikitini ni ya Idd ileile.