Je, Wajua? Mwinuko Huizidishia Injini Petroli

Je, wajua kwamba injini ya kabureta iliyorekebishwa vizuri Mombasa yaweza kutoa moshi mweusi ikifika sehemu ya juu kama Laiser Hill? Kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa takriban asilimia 15 au zaidi, ilhali jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) hupitisha karibu petroli ile ile. Gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue barabara, hivyo hewa ikipungua, petroli huzidi.

Injini iliyofungwa jeti kubwa huathirika zaidi. Fungua plagi: masizi meusi makavu huashiria petroli imezidi. Safisha chujio la hewa, hakikisha choki haijakwama, kisha jaribu jeti ndogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, upime tena.