Umenunua flati, mbona picha mbaya kuliko chogo?

Wadau, msimu wa kahawa ukifika huku Karagwe utaona maboksi mapana yamefungwa kwenye pikipiki yanatoka Kayanga kuja Chonyonyo. TV flati hizo. Wiki haiishi, mtu analalamika: "Nimepigwa! Picha imefifia, chogo la mzee lilikuwa linaonyesha poa kuliko hili." Mara nyingi hajapigwa. Shida iko nyuma ya TV, kwenye waya.

Picha ya TV ni mistari iliyopangwa toka juu hadi chini. Chogo letu lilitengenezwa kwa mistari 576, na chaneli ya kawaida ya king'amuzi nayo inakuja na 576, kwa hiyo walikuwa wanaelewana. Flati nyingi za inchi 32 zina mistari 768, Full HD ina 1080, 4K ina 2160. Ukiilisha mistari 576, iliyobaki inaijaza yenyewe kwa kukisia. Na inchi zikiwa nyingi, kukisia kunaonekana waziwazi. Kwa sebule ya kwetu, ambapo kochi liko mita mbili tu toka kwenye TV, mimi ningechukua 32 na chenji ikanunue betri.

Halafu kuna zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Njano ndo ya picha, na inabeba rangi na mwanga vimechanganywa pamoja, ndo maana maandishi madogo yanachezacheza. King'amuzi kikiwa na tundu la HDMI, tumia hilo, kisha ingia kwenye menyu yake uweke 1080i au 720p. Haitageuka HD ya kweli kama chaneli yenyewe siyo HD, ila tofauti utaiona. Na kama watangazaji wote wamenenepa ghafla, hawajala sana: picha ya 4:3 imevutwa ijaze kioo cha 16:9. Irudishe 4:3.

Sasa hapa ndo hela za watu zinaliwa. Enzi za analojia, ambayo ilianza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yakiwa dhaifu unapata chenga. Dijitali haifanyi hivyo. Mawimbi yakipungua picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, au inapotea kabisa. Kufifia tu hakutoki kwenye dishi! Fundi akitaka umlipe akageuze dishi kwa sababu picha imefifia, mwambie aanze na waya. Ikikatika vipande, hapo sawa, apande. Dishi la Azam linatazama setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, ambayo kwa sisi tulio huku inaangukia magharibi, upande wa Rwanda. Migomba ya upande huo ikirefuka, jani moja linatosha kukuharibia mechi. La DStv, nyuzi 36, karibu linatazama utosini.

Sauti ya flati ni nyembamba, spika zake ndogo, kwa hiyo sabufa usiiuze. Tatizo flati nyingi hazina matundu ya kutolea sauti ya nyekundu na nyeupe. Nunua waya wenye pini ya spika za masikioni upande mmoja na hizo mbili upande wa pili, uchomeke kwenye TV, siyo kwenye king'amuzi, ili hata muvi za flashi zisikike.

Kwa wanaotumia sola: betri ya volti 12, Ah 70, inabeba kama wati-saa 840, lakini hizi za maji ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara unaziua. Chukua 420. Flati wati 50, king'amuzi 15, sabufa 40, jumla 105. Hizo ni saa nne, na inveta bado haijala chake. Mechi ya pili ikienda dakika 120, zima sabufa mapema.