Kodingi yaanzia uwanjani: Hatua, pembe na somo la programu kwa watoto wa Mata

Mwanafunzi wa shule ya msingi katika wadi ya Mata, kaunti ndogo ya Taveta, anaweza kuanza kujifunza kuandika programu za kompyuta kabla hajagusa kompyuta yoyote. Mwanzoni anahitaji uwanja, kijiti cha kuchora mchangani na mwenzake wa kumpa maagizo. Mzazi anayemwona mwanawe akirudi nyumbani na sare iliyojaa vumbi, akieleza kuwa siku nzima walikuwa "wakifanya kodingi", ana haki ya kuuliza kama hayo ni masomo au ni mchezo. Jibu fupi ni kwamba ni hisabati, tena si nyepesi.

Swali lenyewe lina uzito. Mtaala wa Umilisi (CBC) umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba ambao kila mtoto anatarajiwa kuupata. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya kodingi kwa shule za msingi na za sekondari. Mtoto akifika Gredi ya 10 atachagua njia moja kati ya tatu, na mojawapo ni ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Anayefika hapo bila msingi huikwepa njia hiyo, hata kama kipaji anacho. Shule yenye vishikwambi vichache, au isiyo na umeme wa kutegemewa, haiwezi kumwambia mtoto wa Gredi ya Nne asubiri hadi mitambo ifike.

Mashine haijazi pengo

Programu ni orodha ya maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu. Kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukimtuma mtoto dukani umwambie "lete unga", atajua mwenyewe kwamba apite mlangoni, azunguke ua, alipe na arudi na chenji. Kompyuta haijui lolote kati ya hayo. Usipoitajia mlango, itagonga ukuta.

Uwanjani, mwanafunzi mmoja hufanywa roboti na mwingine msemaji. Roboti anajua maneno machache tu: mbele, nyuma, geuka kulia, geuka kushoto. Kila "mbele" lazima iwe na idadi ya hatua, na kila "geuka" lazima iwe na kipimo. Msemaji akisema "nenda pale kwenye mti", roboti anasimama tu, kwa sababu neno hilo halijui. Darasa hucheka, kisha huanza kufikiri.

Kosa la kwanza huwa ni la kulia na kushoto. Msemaji anayemkabili roboti huona kulia kwake mwenyewe, ambako kwa roboti ni kushoto. (Wazee wengine wa pwani bado husema mkono wa kuume na mkono wa kike, na mkanganyiko ni ule ule.) Dawa yake ni msemaji kujiweka mahali pa roboti kwa fikra, au kwenda kusimama nyuma yake. Kuona jambo kwa macho ya anayeagizwa ni sehemu kubwa ya kazi ya kila anayeandika programu.

Kipimo cha kugeuka ndicho pembe. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, nusu yake ni 180, na robo ni 90. Mata ina bahati ya kuwa na alama kubwa za kupimia. Asubuhi isiyo na mawingu, mwanafunzi husimama akiutazama Mlima Kilimanjaro. Milima ya Pare, ng'ambo ya Ziwa Jipe, iko upande wake wa kushoto. Akigeuka kushoto nyuzi 90 anaielekea Pare. Akigeuka kulia mara tatu, nyuzi 90 kila mara, anaielekea Pare vilevile. Kushoto 90 na kulia 270 humfikisha mahali pamoja, na hilo amelijua kwa miguu kabla ya kulikuta ubaoni.

Kuchora mraba ni rahisi: mbele hatua 5, kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Neno "rudia" lina thamani kubwa, kwa sababu badala ya maagizo manane, mtoto ameandika mawili na idadi ya kurudia. Kompyuta hufanya kazi nyingi kwa njia hii hii.

Pembetatu na nyuzi 60

Baada ya mraba, mwalimu huomba pembetatu yenye pande tatu sawa, na hapa ndipo somo linapokolea. Mwanafunzi anakumbuka kutoka daftarini kwamba kila pembe ya umbo hilo ni nyuzi 60. Anaandika kwa kujiamini: mbele hatua 6, kulia nyuzi 60, rudia mara 3. Roboti anatembea. Pembetatu haitokei. Kinachobaki mchangani ni mstari uliopinda mara mbili, haukufunga, na roboti aliyeanza akiutazama Kilimanjaro sasa ameupa mgongo.

Kilichokosewa si hesabu. Daftarini, pembe hupimwa ndani ya umbo, lakini anayetembea hapimi ndani. Yeye alikuwa anakwenda mbele moja kwa moja, na kugeuka kwake hupimwa kuanzia njia ambayo angeifuata kama asingegeuka. Mstari ulionyooka ni nyuzi 180. Ukitoa 60 za ndani, zinabaki 120 za kugeuka. Akiandika 120, umbo linafunga, na roboti anarudi alipoanza akiutazama tena mlima.

Kuna kanuni ndani yake ambayo mtoto anaweza kuigundua mwenyewe. Anayezunguka umbo lolote la kawaida mara moja na kurudi akitazama alikoanzia, amegeuka mzunguko mzima, yaani nyuzi 360. Basi agawanye 360 kwa idadi ya pande. Pande tatu, 120. Pande nne, 90. Pande tano, 72. Pande sita, 60, na hilo ndilo umbo la vyumba vya sega la asali. Ile programu ya kwanza iliyoshindwa ilikuwa nusu ya umbo hilo. Kama angerudia mara 6 badala ya 3, angelikamilisha. Mwalimu makini halifuti kosa la namna hiyo haraka.

Kufuatilia agizo baada ya agizo hadi mahali mambo yalipoharibika huitwa kusaka kosa. Waandishi wa programu waliobobea hutumia muda mwingi katika kazi hiyo, hivyo mwanafunzi anayesimama mchangani na kuuliza "tulikosea hatua ya ngapi?" anajifunza kazi yenyewe. Kubadilisha idadi ya hatua pia kuna funzo: hatua 6 zikiwa 10, pembetatu inakua lakini pembe zinabaki zile zile.

Saa iliyochorwa chini

Huenda mtu akauliza watoto watapimaje nyuzi 120 bila vipimapembe vya kutosha. Kamba inatosha. Chomeka kijiti ardhini, funga kamba, zungusha ncha yake uchore duara. Bila kubadilisha urefu wa kamba, anza popote kwenye duara na upime kwa kamba hiyo hiyo kutoka alama hadi alama kuzunguka ukingo. Utapata alama 6 kamili, na kati ya kila mbili pana nyuzi 60. Gawanya kila nafasi katikati, upate alama 12 kama za uso wa saa, kila moja nyuzi 30. Roboti anasimama katikati na kugeuka kwa kuhesabu alama: mraba ni alama 3, pembetatu ni 4, umbo la pande sita ni 2.

Wazazi wengi wana ujuzi wa aina hii bila kuuita hisabati. Fundi wa nyumba hupima futi 3 upande mmoja wa kona, futi 4 upande wa pili, kisha huhakikisha mshazari ni futi 5 ili kona ya msingi iwe nyuzi 90 kamili. Shule ikimwalika fundi kama huyo kwa nusu saa, itakuwa imepata mwalimu wa pembe bila gharama.

Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu asiachwe pembeni. Kiti hicho hugeukia mahali pamoja kwa usahihi kuliko miguu, na huacha alama za magurudumu mchangani. Asiyeona naye hufaa sana kuwa roboti, kwa sababu hawezi kujaza pengo la maagizo kwa kuchungulia mti ulipo.

Kobe wa Papert

Njia hii haikubuniwa jana. Seymour Papert, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, alishirikiana na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon nchini Marekani kuunda Logo mwaka 1967, lugha ya programu iliyokusudiwa watoto. Baadaye Logo iliongoza roboti mdogo aliyeitwa kobe, aliyetambaa sakafuni akichora kwa kalamu. Mtoto aliyekwama aliambiwa ajifanye kobe: asimame, atembee njia ile, asikie mwili wake ukigeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Logo ilijaribiwa pia na watoto wa Dakar, Senegal.

Mrithi wake anayejulikana zaidi leo ni Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la watafiti wa chuo cha MIT. Ni ya bure, inaweza kutumiwa bila intaneti baada ya kupakuliwa, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Mtoto hupanga vipande vya maagizo kama matofali. Miongoni mwa vya kwanza anavyokutana navyo ni kusogea hatua 10 na kugeuka digrii 15, na digrii hizo ni nyuzi zile zile za uwanjani. Aliyewahi kuwa roboti mchangani hatababaika.

Hata hivyo uwanja una mpaka wake. Kuna mambo ambayo mtoto hayajui mpaka akae mbele ya kioo: kuchapa, kuhifadhi kazi, kuona programu ikirudia mara 360 kwa sekunde chache na duara kutokea kwa hatua ndogo za moja moja. Mpango wa kitaifa wa ujuzi wa kidijitali ulioanza mwaka 2016 ulisambaza zaidi ya vifaa milioni 1 katika zaidi ya shule 20,000 nchini, vikiwemo vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu na projekta. Mzazi anaweza kuuliza katika mkutano wa shule kama vifaa vya shule yake bado vinafanya kazi, vinatumiwa mara ngapi kwa wiki, na nani anavitunza. Kifaa kilichofungiwa kabatini hakimfai mtoto yeyote.

Mlango upi wa kubisha

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea, yaani PP1 na PP2, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Shule za msingi na sekondari msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Kwa hivyo malalamiko kuhusu darasa la chekechea yapelekwe kwa idara ya elimu ya kaunti au ofisi ya wadi. Yale ya Gredi ya 1 kwenda juu yaanzie kwa mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi wa shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Taveta.

Chekechea si pembeni ya habari hii. Mbele na nyuma, kulia na kushoto, kwanza na halafu, yote hujengwa katika umri huo, na mtaala unaruhusu yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mtoto anaweza kuamrisha roboti kwa Kitaveta, Kidawida au Kiswahili. Kinachotakiwa ni kila neno liwe na maana moja tu.

Nyumbani, jioni, mzazi anaweza kumwomba mtoto amwongoze kutoka jikoni hadi langoni kwa maagizo yale manne tu. Afuate kila neno kama lilivyotamkwa, asirekebishe chochote, hata kama maagizo yanampeleka kwenye ua wa jirani. Mtoto akisema "mama, simama, nimekosea", amwache atafute mwenyewe ni agizo la ngapi.