Kiti cha Waya: Nguvu Itokayo Katika Umbo

Wengi hudhani kuwa uimara wa kiti hutegemea wingi wa chuma. Harry Bertoia, mchongaji sanamu mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani mwaka 1930, alionyesha vinginevyo. Kiti chake kiitwacho Diamond, kilichotolewa na kampuni ya Knoll mwaka 1952, ni wavu wa nyaya za chuma zilizopindwa na kulehemiwa. Waya mmoja ungeelemewa. Lakini wavu uliobonyea kama bakuli huugawa uzito wa mkaaji kwa nyaya nyingi, na mpindo wake huufanya usikunjike. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kiti hicho ni hewa tupu. Umbo lipendezalo macho ndilo libebalo mzigo.

Mwanafunzi na ajaribu: karatasi bapa ikishikwa ukingoni hulegea, ikipindwa kidogo, hunyooka imara.